Seli zinazong'aa kwenye video: ni kiumbe hai au ni katuni?

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kasarani, kidato cha tatu. Wiki jana niliwaonyesha wanafunzi video ya kiinitete cha samaki. Seli zinang'aa kijani, zambarau na manjano, zinagawanyika, zinahama, mpaka kichwa na mkia vinatokea. Kijana mmoja akasema, 'Mwalimu, hiyo ni katuni, hadubini yetu haionyeshi hivyo.' Nilikosa la kumjibu. Je, ni kiumbe hai kweli? Rangi zile zinatoka wapi? Na wanamtazamaje kwa muda mrefu hivyo bila kumuua?"

Mwalimu, kesho ukiingia darasani mpe huyo kijana haki yake mbele ya wenzake. Swali lake ndilo tunaloulizana maabara kila mtu anapoleta picha ya kupendeza: hii umeiona, au umeitengeneza? Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe nalipenda, na jibu la haraka lingemdhulumu.

Kiumbe mliyemwona alikuwa hai. Kwa maelezo yako ni samaki pundamilia, kisamaki cha maji baridi kutoka Asia Kusini ambaye hata akikomaa hamzidi urefu kidole chako cha mwisho. Watafiti humpenda kwa sababu yai lake ni angavu kama kioo na hukua nje ya tumbo la mama. Ndani ya saa 24 seli moja huwa imekuwa kiumbe chenye kichwa, macho na mkia unaotikisika. Kila nukta mliyoiona ikisogea ilikuwa kiini cha seli kilichosogea kweli. Hadithi ya rangi ni nyingine, nitaifikia.

Tuanze na hadubini yenu. Nadhani mnafanya kile tulichofanya sote: unabandua utando wa kitunguu, unaudondoshea ayodini, unafunika kwa kioo chembamba, na wanafunzi wanapanga foleni. Bila ayodini hawaoni kitu cha maana, kwa kuwa seli hai ni maji sehemu kubwa na mwanga huipita kama upitavyo glasi. Ndiyo sababu kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wa viinitete walisoma maiti. Walimtia kiumbe kwenye formalini, wakamkata vipande vyembamba kuliko karatasi, wakavipaka rangi, wakavipanga kwa umri, cha saa kumi, cha saa kumi na mbili, kisha wakakisia kilichotokea katikati. Ni kama kutaka kuujua mchezo wa Gor na AFC kwa picha sita za gazeti: matokeo unayo, lakini nani alimpa nani mpira huwezi kujua.

Rangi iliyokubali kukaa ndani ya seli hai, na kurithiwa na watoto wake, ilitoka baharini. Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura, aliyekuwa akifanya kazi Princeton, alikwenda Friday Harbor, pwani ya magharibi ya Marekani, kuvua konyeza, yule mnyama laini kama ute ambaye waogeleaji wa Pwani yetu humkimbia kwa kuwasha. Yeye na wenzake walivua konyeza wapatao 10,000 wa aina ya Aequorea victoria, wakawakata ule ukingo wa mwavuli unaotoa mwanga, mmoja mmoja, wakaukamua. Walikuwa wakitafuta protini inayotoa mwanga wa buluu, wakaipata. Pamoja nayo ikaja nyingine, ya kijani, ambayo Shimomura aliitaja kwa ufupi tu mwaka 1962.

Miaka 30 ikapita. Mwaka 1992 Douglas Prasher akatoa jeni ya ile protini ya kijani, lakini fedha za utafiti zikamwishia, akawagawia wenzake jeni hiyo. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaitia ndani ya mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, na neva za mnyoo zikang'aa akiwa hai, akijinyonganyonga. Roger Tsien akaifanyia mabadiliko mpaka ikatoa samawati na manjano. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Prasher hakuwamo, na kila ninapofundisha somo hili nahakikisha nimelitaja jina lake.

Ujanja wake ni huu: protini hiyo hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa kijani. Ukiiunganisha jeni yake na jeni ya protini inayoshikamana na DNA, basi kila seli inayozaliwa hujiwashia taa ndani ya kiini chake. Hupaki chochote tena. Kiumbe anajipaka mwenyewe, kizazi baada ya kizazi.

Hapo ndipo taabu halisi ilipoanza, Mwalimu, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwanga huua. Leza inapoimulika protini ing'ae, huzalisha pia kemikali kali za oksijeni zinazoiunguza seli kutoka ndani. Hadubini ya leza ya kawaida humulika kiinitete chote, juu mpaka chini, kila inapopiga picha ya tabaka moja. Kiinitete cha tabaka mia moja, basi, hupigwa mwanga mara mia ili kila tabaka lipate picha moja tu. Nikiwa mwanafunzi niliacha kiinitete cha samaki chini ya leza usiku kucha. Asubuhi nilikuta picha za saa tatu za kwanza ni safi. Kisha seli zikaanza kutoa malengelenge, mgawanyiko ukapungua, ukasimama. Nilikuwa nimerekodi kifo, na mwuaji ni mimi. Tangu siku hiyo siangalii picha ya kiumbe hai bila kuuliza kwanza alimulikwa kiasi gani, na kama aliachwa akue baada ya picha ili ionekane kama alikuwa mzima.

Suluhisho utalielewa kama umewahi kuingia mchana kwenye chumba cha mabati chenye ufa. Jua hupenya pale kwenye ufa na kusimama chumbani kama ukuta mwembamba wa mwanga. Vumbi limejaa chumba kizima, ila unaliona palipo na mwanga tu, tena unaliona vizuri zaidi ukisimama pembeni kuliko ukitazama ufa wenyewe. Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy waliujenga ukuta huo wa mwanga mwaka 1903, Ujerumani, ili waone chembe za dhahabu ndani ya kioo. Baadaye biolojia ikausahau kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao wa Heidelberg wakaurudisha: kiinitete kinaning'inizwa ndani ya maji kikiwa kimeshikwa na kijiti cha jeli laini, leza iliyobapwa kama karatasi inakikata kutoka ubavuni, na kamera inatazama kwa pembe mraba. Tabaka linalopigwa picha ndilo pekee linalomulikwa. Mengine yako gizani, yanapumzika.

Kwa njia hiyo, mwaka 2008 Philipp Keller na wenzake walifuatilia viini vya samaki pundamilia kwa saa 24 za mwanzo. Ninaamini video yenu ni ya ukoo huo. Mwaka 2018 Keller, Kate McDole na wenzao wa Janelia, kituo cha utafiti cha Marekani, walifanya lililoonekana haliwezekani: walimpiga picha panya, ambaye kwa kawaida hukua ndani ya mji wa mimba, kwa takriban siku mbili mfululizo nje ya mama, kuanzia siku ya sita na nusu hadi ya nane na nusu. Huo ndio wakati tabaka za mwili zinapojipanga na moyo unapoanza kuumbika. Kiinitete hukua, husogea, hujikunja, kwa hiyo hadubini ililazimika kumfuata yenyewe na kujirekebisha bila kuambiwa na mtu.

Sasa rangi. Hapa kijana wako ana nusu ya haki. Kijani cha konyeza ni cha kweli, ukitazama kwa jicho utakiona. Lakini kamera ya hadubini hizi haina rangi, inahesabu mwanga tu, kwa hiyo picha huja nyeusi, kijivu na nyeupe. Rangi za video huwekwa baadaye kwenye kompyuta. Mara nyingi zina maana: seli za juu zimepewa rangi moja na za chini nyingine, au watoto wote wa seli fulani wamepewa zambarau ili uone walikohamia. Mwambie afikirie ramani ya Kenya ukutani. Kaunti ya Kiambu haina rangi ya pinki, lakini mipaka yake ipo. Nisingependa uishie hapo, hata hivyo. Tangu 2018 hivi zimeenea programu za akili unde zinazosafisha picha zenye mwanga hafifu, na faida yake ni kubwa, maana kiumbe humulikwa kidogo zaidi. Hatari yake ni kwamba programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha inaweza kuchora kitu kilichozoeleka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mtafiti mwaminifu huonyesha na picha ghafi. Darasa lako lijifunze kuidai.

Utaniuliza: baada ya taabu yote hii, tumejua nini ambacho maiti hazikutuambia? Nichukue moyo. Tulijua kwamba moyo wa kiinitete wakati fulani haudundi na baadaye unadunda. Baina ya hapo palikuwa giza. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard, akiwamo Bill Jia na walimu wake Sean Megason na Adam Cohen, walitumia protini inayong'aa kalisiamu inapoingia kwenye seli, wakawatazama samaki pundamilia ambao mioyo yao ilikuwa haijaanza. Wengi tungedhani seli moja huanza, ya pili hufuata, kama vigelegele vinavyoanzia pembe moja ya ukumbi. Haikuwa hivyo. Moyo ulikuwa kimya, kalisiamu ikipanda polepole, kisha kwa mara moja karibu seli zote zikawaka pamoja. Dundo la kwanza. Kisha kimya kisicho na kipimo, kisha la pili, na baada ya muda mapigo yakapata mpangilio. Nilipoiona video hiyo mara ya kwanza niliirudia mara nyingi sana. Sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajaiona kwamba unaweza kuutazama moyo dakika ile unapokuwa moyo.

Kingine ni kulia na kushoto. Moyo wako uko kushoto na ini kulia, lakini kiinitete cha mwanzo kina pande mbili zinazofanana kabisa. Nani anaamua? Mwaka 1998 kikundi cha Nobutaka Hirokawa, Tokyo, kilionyesha kwamba kwenye kiinitete cha panya kuna kishimo kidogo chenye vinyweleo vinavyozunguka kwa kasi, vyote mkondo mmoja, na kusukuma maji kuelekea kushoto. Baadaye ikaonyeshwa kwamba ukiyasukuma maji hayo kwa nguvu upande wa kulia, viungo hugeuka. Lakini seli huuhisije mkondo, kwa kuonja kemikali au kwa kuguswa? Watu wakabishana kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 vikundi viwili, kimoja kwa panya na kimoja kwa samaki, vilishika vinyweleo vilivyotulia kwa koleo la mwanga, yaani leza inayoweza kukamata chembe bila kuigusa, vikavipinda taratibu. Kalisiamu ikapanda. Kwa samaki, waliweza hata kugeuza pande za mwili kwa kupinda tu. Takriban mtu mmoja katika kila 10,000 huzaliwa viungo vyake vikiwa vimegeuka, na wengine kati yao vinyweleo vyao havisogei sawasawa; vinyweleo vya namna hiyo husafisha pia njia za hewa, ndiyo sababu hao pia husumbuliwa na vifua maisha yao yote.

Na mtu je? Ndani ya mji wa mimba hatuwezi kuona seli moja moja. Ultrasound haifiki huko. Ila Agosti 2025 watafiti wa IBEC, taasisi ya utafiti ya Barcelona, walichapisha video za viinitete vya binadamu, vilivyotolewa na wazazi wao kwa ajili ya utafiti, vikijipandikiza kwenye jeli ya kolajeni iliyowekwa badala ya ukuta wa mji wa mimba. Kiinitete cha panya hutanda juu juu. Cha binadamu kilijichimbia ndani na kuivuta jeli kwa nguvu inayopimika. Wako wanawake wengi katika jiji hili ambao mimba zao hazishiki na hakuna aliyeweza kuwaambia sababu. Kwao video hii si pambo, kwa kuwa hatua ambayo mambo huharibikia sasa inaweza kutazamwa.

Usidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Pale Kabete, kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichoitwa ILRAD miaka ya 1970 na ambacho leo ni ILRI, vizazi vya watafiti vimefanya kazi juu ya ndigana kali, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita ECF. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe, huingia ndani ya chembe nyeupe ya damu na kuifanya igawanyike bila kikomo, kama saratani. Jambo la kushangaza liko pale chembe inapogawanyika. Unajua nyuzi zile zinazovuta kromosomu pande mbili, mnazichora ubaoni kila mwaka. Kimelea hujishikiza kwenye nyuzi hizohizo, kikavutwa nusu huku na nusu kule, na kila chembe mtoto ikazaliwa nacho. Mwaka 2010 watafiti wa Bern, Uswisi, wakichunguza ndugu yake Theileria annulata, walionyesha kwa picha za seli hai jinsi kinavyozinasa nyuzi hizo. Ukikiua kwa dawa ya buparvakwoni, chembe ya ng'ombe huacha wazimu wake. Ukiwa na mwanafunzi anayetoka kwa wafugaji, mchoree hicho ubaoni na mitosisi hataisahau.

Kuna kikwazo kingine nitakigusa kwa ufupi. Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwamba mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Njia za kukipita kikwazo hicho ziliwapa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner Nobeli ya 2014, na mashine zake ni ghali mno. Lakini mwaka 2015 Fei Chen, Paul Tillberg na Edward Boyden wa MIT waliuliza swali la kinyume: kwa nini tusikikuze kitu chenyewe? Walijaza seli iliyokwisha kufa kwa sodiamu poliakrileti, ule ungaunga ulio ndani ya nepi za kutupa, wakalainisha protini, wakaongeza maji. Seli ikavimba mara nne na nusu kila upande bila kupoteza umbo, na hadubini ya kawaida ikaona yaliyokuwa yamefichika. Darasani unaweza kuonyesha sehemu ya hili. Pasua nepi moja, kung'uta unga wake kwenye kikombe, ongeza maji, pindua kikombe. Hakitamwagika kitu. Mimi hufanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka darasa hunyamaza.

Mwisho, huyo kijana asiishie kuniamini mimi. Mvua za masika zikianza, chura hutaga kwenye madimbwi usiku: nyuzi ndefu za ute zenye nukta nyeusi zilizopangana kama shanga. Mtume na chupa asubuhi mapema, achukue kipande kifupi cha uzi pamoja na maji ya dimbwi lenyewe, maana ya bomba yana klorini. Kwa lenzi ya mkono, au kwa hadubini yenu kwa ukuzaji mdogo kabisa bila kioo cha kufunika, ataona yai limegawanyika kama tunda la forosadi. Ashikilie simu kwenye jicho la hadubini, apige picha moja kila baada ya dakika kumi, aziunganishe. Siku inayofuata au ya pili yai litarefuka na mfereji utatokea mgongoni, kingo zake zikafunga kama zipu. Huo ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo. Rangi hazitakuwapo. Taa ya hadubini aizime kila anapomaliza kupiga, na kati ya picha na picha aiweke chupa kivulini, kwa sababu maji yakipata joto mayai hayatafika jioni.